Kofia za Zuwena na Lori la Dubai

Tangu nirudi Mombasa sijapata kunywa chai yangu kwa raha. Kila anayepita barazani kwangu ananiuliza: "Bi Nasra, Maskati kukoje? Zuwena hajambo? Mbona hukuja naye?" Nimejibu mpaka ulimi umekauka, na kila nikijibu ninasahau kipande. Kwa hiyo nimekaa niandike mara moja, msomeane nyinyi kwa nyinyi, mimi mniache na kikombe changu. Ya tiketi na picha za pasi sitayasimulia. Yalinichosha mimi wakati ule na yatawachosha nyinyi sasa.

Kwa wasiomjua, Zuwena ni mdogo wangu. Tulizaliwa Unguja, mimi nikaolewa Mombasa, yeye akaolewa palepale na Khamis. Yalipotokea mapinduzi, Khamis alimchukua wakaenda Maskati, maana babu yake alitoka huko. Miaka minne sikumwona. Habari zake zilinifikia midomoni mwa wasafiri: Khamis anaumwa moyo, hafanyi kazi tena, na nyumba inakula kwa sindano ya Zuwena. Anashona kofia, kama mama alivyotufundisha. Kisha zikaja habari nyingine, kwamba kofia hazinunuliwi. Ndipo nilipomkamata mdogo wetu Seif nikamwambia tunaondoka. Nilikuwa na nia moja: ama nimtafutie Zuwena soko, ama nirudi naye yeye na mumewe.

Mombasa hadi Karachi

Meli ilichelewa kuondoka kwa sababu ambayo hakuna aliyetuambia, na tulipoondoka bahari ikanitoa hata visheti nilivyokula nyumbani. Nilipopata nafuu nikatoa sindano nikaendelea na kofia ya viua vya vitundu niliyokuwa nayo mkononi. Kando yetu alikaa mzee wa Tanga, jina lake Mzee Bakari, anakwenda Karachi kutibiwa macho. Pamoja na ugonjwa wake, macho yale yaliona.

"Bibi, hili tundu moja hapa nyuma umelisahau," aliniambia. "Yote umeyazungushia uzi, hili liko wazi."

Nikamweleza. Mama yetu alikuwa akishona kofia ya kuuza, tundu la mwisho, karibu na mshono wa nyuma, halimalizi. Humwachia mke wa mnunuzi, au mama yake, alifunge kwa mkono wake mwenyewe. Mama akisema: mwanamke wa watu naye apate la kusema, "Kofia ya mume wangu nimeishona mimi." Sisi wawili tulirithi hivyo hivyo. Kofia ya Zuwena ukiinunua, inakuja na tundu lake na kipande cha uzi kimefungwa ndani.

Mzee Bakari alicheka mpaka akakohoa. Akaanza kutuhadithia kazi yake. Alikuwa na kijikarakana cha sabuni Tanga, sabuni ya mafuta ya nazi. Mipaka yetu ya Afrika Mashariki ilipoondolewa ushuru kwa bidhaa za kwetu wenyewe, yeye alichinja mbuzi kwa furaha. Alisema: sasa nitauza Mombasa.

"Ukauza?" Seif akamuuliza. Seif, kama mnavyojua, anapeleka sabuni za viwanda vya Kenya huko Tanga na Lushoto, na biashara yake imenona.

"Nikauza. Mwaka wa kwanza. Kisha zikaja zenu kwa malori. Rahisi kuliko zangu, na zinanukia. Wa kwanza kuzinunua alikuwa mke wangu."

"Basi mzee wangu, mngetengeneza nzuri zaidi," Seif akasema, akacheka.

Mzee hakukasirika. Alijipangusa macho na leso akasema kuwa povu la zile sabuni, kwa kweli, ni zuri. Mimi pia nilicheka, maana kicheko cha Seif kinaambukiza. Karachi tukaagana naye vizuri, akatuachia chupa yake ya achari ya embe.

Kungoja Karachi

Meli ya Ghuba haikuwepo. Tukaambiwa kesho, na kesho ikawa kesho kutwa, tukakaa katika nyumba ya wageni ya wasafiri ambapo wanawake tulilala chumba kimoja na kila mmoja akikoroma kwa lugha yake. Mama mmoja wa Kibaluchi alishika vidole vyangu, akaona sugu ya sindano, akanionyesha na yake. Hatukuwa na neno hata moja la kuelewana. Alinilisha biriani yenye pilipili ya kuua mtu, nami nikamlisha achari ya Mzee Bakari, tukalia machozi pamoja. Naikumbuka siku ile kwa sababu ndiyo siku ya mwisho ya safari nzima niliyolia kwa pilipili.

Maskati na Matrah

Maskati ni majabali meusi, na chini yake mji mdogo mweupe umejibana ndani ya kuta. Meli inatia nanga mbali, unashushwa kwa mashua. Seif alitegemea mji mkubwa. Alitazama huku na huku akaniuliza, "Dada, ndio wote huu?" Nikamwambia anyamaze, ni mji wa babu zetu.

Tuliambiwa tungoje mwenyeji wetu, na tukangojea kwenye kivuli cha ukuta huku mtu mmoja mkarimu akitumiminia kahawa chungu. Seif alikunywa kikombe, akajaziwa, akanywa, akajaziwa. Aliona haya kukataa. Mpaka mwenyeji anafika, Seif mikono inamtetema. Mwenyeji wetu alikuwa Nassor, mtu wa makamo, naye mzaliwa wa Unguja, mwenye lori linalokwenda Dubai na kurudi. Alicheka akamwonyesha Seif namna ya kukitikisa kikombe ukishatosheka.

"Zuwena kanituma," alisema. "Yeye hawezi kumwacha mgonjwa. Karibuni, karibuni sana. Ah, Bi Nasra, sauti yako na yake moja!"

Kichwani alivaa kofia. Sikuhitaji kuambiwa imeshonwa na nani. Maua yale ya mama, mviringo ndani ya mviringo, ningeyajua hata gizani. Tundu la nyuma lilikuwa limefungwa, kwa uzi wa rangi iliyopishana kidogo, mkono wa mkewe bila shaka. Nikafurahi kama nimekwisha mwona ndugu yangu.

Darsait

Zuwena anakaa Darsait, nyuma ya Matrah, mji wa soko jirani na Maskati, katika nyumba ya makuti ya mtende yenye kiwanja kilichofagiwa. Alitoka mbio, akasimama, kisha akanikumbatia akaning'ang'ania. Amekonda. Nilipomshika mabega niliona mifupa, nikalia waziwazi, na yeye akanicheka.

"Bibi wee, umekuja kunililia? Mie sijafa. Ingia ule."

Alitupikia wali kwa jodari na ndimu kavu, chakula kizuri mno. Khamis alikaa amegemea mito, anapumua kwa vituo, na mzaha wake ni uleule. Alinambia, "Shemeji, mie sasa ni bwana mkubwa. Nakaa tu, mke anashona."

Lakini mke alikuwa hashoni. Kofia zilikuwa zimejaa kikapu, zimefunikwa kitambaa. Zuwena alinieleza jikoni, sauti ya chini.

"Zamani Nassor akizichukua sokoni Matrah haziishi wiki. Sasa zipo za Dubai, za kiwandani. Mie sijaziona, nasikia ni rahisi, nyeupe pepe. Nani atanunua yangu?"

Ilikuwa hivi. Wafanyabiashara wa Matrah na wenzao wa Dubai walikuwa wameafikiana, na wakubwa wakaridhia: ndimu kavu, tende na papa wa huku vipelekwe kule bila ushuru, na vya kule vishuke vivyo hivyo. Matrah walishangilia. Mchele ulishuka bei, taa zikapatikana, na wakulima wa ndimu wa Batina, ile pwani ya njia ya Dubai, waliokuwa wakiona mazao yao yanaoza, wakaanza kujenga nyumba za matofali. Lori lilelile lililoleta kofia ndilo lililomletea Khamis vidonge vya moyo. Daktari alikwisha sema dawa ile Matrah haipo, na zamani ilipopita kwenye ushuru na mikono ya watu wengi, ilikuwa ghali hata haikamatiki.

Nikamwambia, "Basi turudi wote Mombasa."

"Daktari kasema bahari itamuua, Dada. Nimwache nije na nani?"

Nia yangu ya pili ikaishia hapo, jikoni, mbele ya sufuria. Ikabaki ya kwanza. Nikafikiri: ikiwa vyao vinashuka bila ushuru, na vyetu si vinapanda? Dubai kuna pesa. Wapo watu wanaojua kazi ya mkono. Nikamwambia Zuwena afunge kofia zote, ninazipeleka mwenyewe. Uso wake ulifunguka namna ambayo sasa nikiikumbuka inaniuma. Alikaa jioni nzima anazipiga pasi ya makaa, moja moja, na ndani ya kila moja anahakikisha kipande cha uzi kipo.

Njia ya Batina

Hakuna barabara, kuna mchanga. Nilikaa mbele na Nassor, Seif alikaa nyuma juu ya magunia ya ndimu na papa mkavu, na harufu ile hajaisamehe mpaka leo. Tulikwama mara nyingi. Tukikwama, watu wanateremka, wanatandika mikeka ya makuti chini ya magurudumu, wanasukuma, wanasali, wanapanda. Karibu na Sohar bonde lilikuwa limejaa maji ya mvua ya milimani, tukakaa kando kungoja yapungue. Mkulima mmoja akatuletea tende na maziwa, akakataa katakata tumshukuru. Alisema lori la Nassor limemwozeshea binti yake, maana bila ndimu kuuzika asingekuwa na harusi.

Nassor alipenda sana kuzungumza. Nilimuuliza kofia yake aliipataje.

"Kanipa Zuwena mwenyewe, siku ya Idi. Siku niliyomletea vidonge mara ya kwanza. Alisema ndiyo ya kwanza ya maua haya tangu atoke Unguja. Nikamwambia sistahiki. Akasema, basi mpe mkeo afunge tundu, utastahiki."

Mnajua desturi yetu: kofia ya kwanza ya ua jipya, au ua lililofufuliwa, haiuzwi. Hupewa mtu aliyekutendea wema.

Dubai

Mji wenyewe uko kwenye ukingo wa khor, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kelele na vumbi la saruji, kila mtu anajenga. Nassor alitupeleka soko la Deira, kwa mwenye duka anayemjua, mtu mpole, aliyetuwekea chai ya maziwa kabla hajatuuliza shida yetu. Kiarabu changu ni cha chuoni na cha jikoni, lakini kilitosha. Nikafungua bunda. Nikamtandikia kofia nzuri kuliko zote.

Aliigeuza mkononi, akaitazama kwa heshima, akatabasamu.

"Mama, umeiga vizuri. Hata alama ya kiwanda umeiweka."

Sikumwelewa. Nikamuuliza alama ipi. Akaweka kidole kwenye tundu la nyuma.

Kisha akanyoosha mkono rafuni, akashusha kofia, nyingi, zimepangwa moja ndani ya nyingine. Maua ya mama. Mviringo ndani ya mviringo. Na kila moja, karibu na mshono wa nyuma, palepale, tundu moja limeachwa wazi. Mashine iliambiwa ishone kama ilivyoona, nayo ikashona kama ilivyoona. Nikazichambua moja baada ya moja nikitafuta iliyofungwa. Sikuipata.

"Watu wanazipenda hizi zenye alama," alisema. "Ndivyo wanavyozijua za kweli."

Nilighadhibika. Niliwaka, sitawaficha. Nilimwambia kwa Kiswahili mambo ambayo ni bahati yangu hakuyaelewa. Nikageuka kwa Nassor anisaidie kumweleza, nikamkuta ameivua kofia yake, anaitazama, uso umemparama.

"Bi Nasra," alisema polepole. "Yupo mtu hapa sokoni, nilipokuja nayo mara ya kwanza, aliisifu sana. Ilikuwa kabla mke wangu hajaifunga. Akaniomba nimwazime siku moja amwonyeshe mwenzake. Nikampa. Alinirudishia na shukurani nyingi. Wallahi nilidhani kaipenda tu. Na hizi nazibeba ndani ya makasha yaliyofungwa, sijapata kuzitazama."

 Mwenye duka, alipofahamishwa, alisikitika kwa dhati. Alisema atazichukua zetu kwa bei ya zile za kiwanda, kwa kuwa wateja hawatatofautisha. Bei ile haikutosha hata uzi. Nikamwambia hapana. Naye, kwa kutaka kunituliza, akasema, "Mwambie ndugu yako ashone nzuri zaidi."

Seif aliinama akatazama sakafu. Tangu pale mpaka Darsait, juu ya magunia matupu, hakucheka. Njiani, tulipokwama tena, alinijia dirishani akaniambia, "Dada, yule mzee wa Tanga hata sikumuuliza sasa anakula nini."  Tuliingia maduka mengine Dubai kabla ya kuondoka, msidhani tulikata tamaa mara moja. Kila duka zilikuwemo.

Kurudi Darsait

Zuwena alikuwa mlangoni. Neno lake la kwanza: "Dawa mmepata?"

Nikampa kichupa cha vidonge tulichonunua Dubai. Akakishika kwa mikono miwili, akashusha pumzi. Kisha akatazama bunda, akaona ukubwa wake ni uleule, akafahamu. Nikamweleza yote, pamoja na ya kofia ya Nassor, maana si mtu wa kufichwa. Nassor mwenyewe alikuwa amesimama nje ya ua, haingii.

"Ingia, Nassor, kahawa inapoa," Zuwena alimwita.

"Nna haya, Bi Zuwena."

"Haya ya nini? Nilikupa kwa mkono wangu. Na mkono wako ndio unaonibakishia huyu mume. Nikililaani lori lako, ntakuwa namlaani na yeye."

Aliyasema bila kulia. Mimi ndiye niliyelia. Khamis kutoka kwenye mito yake alisema, "Basi mniache mie nife, kofia ziuzike," akataka tucheke, na hakuna aliyeweza.

Kesho yake Zuwena alitandika mkeka uani, akamwaga kofia zote, akatunga uzi. Akaanza kufunga matundu. Nikamuuliza anafanya nini, matundu hayo si ya wanunuzi?

"Nilikuwa nikiwaachia wanawake wao, Dada. Nani atalifunga sasa? Wanadhani ndivyo inavyotakiwa."

Nikachukua sindano nikakaa naye. Tulifunga mpaka Alasiri. Zuwena alizigawa kwa majirani, kwa mzee wa msikitini, kwa yeyote aliyepita. Moja aliiacha wazi, akampa Seif. "Mpelekee mkeo Salma. Mwambie tundu hili nimemwachia yeye."

Nassor amempa kazi. Anachambua ndimu kavu na kuzichemsha kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa ajili ya Dubai. Kazi ipo, haikatiki, na vidonge vya Khamis vinapatikana. Namshukuru Mungu na namshukuru Nassor. Lakini siku ya kuagana, baada ya wiki kadhaa za kazi hiyo, nilimshika Zuwena mikono. Chumvi na ukali wa ndimu vimeipasua, vidole vimefura. Aliniona ninaitazama, akaificha ndani ya kanga. Mikono ile haitashika sindano tena, mimi na yeye tunajua.

Mombasa

Ya kurudi hayana habari. Karachi hatukungoja, bahari ilitulia, na sikula kitu ninachokikumbuka.

Seif alimpa Salma kofia siku ileile tuliyofika, mbele yangu, na salamu zote kama alivyoagizwa. Salma ni mtoto mwema, msimfikirie vingine. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, uso ukamchangamka.

"Ah, hizi za Dubai! Zimeshafika hapa sokoni, kaka yangu anayo. Nzuri!"

Nikamwambia si ya Dubai, ni ya Zuwena, na hilo tundu la nyuma alifunge yeye, uzi umo ndani.

Akalitazama tundu. Akanitazama mimi, kwa upole, kama mtu anayeogopa kumkosoa mkubwa wake.

"Lakini Bi Nasra, zote ziko hivi," alisema. "Nikilifunga si ntaiharibu?"